Ukurasa wa Pili

Plovdiv, 9 Septemba 2018

Shangazi Tsonka mpendwa,

Mitungi sita ya pilipili za kusaga imefika salama, na mmoja umeshakwisha, kwa hiyo usiniulize kama ninakula. Ninakula.

Uliniuliza hii kazi yangu hasa ni kazi gani, maana Mzee Rusi anakusumbua nawe huna la kumjibu. Mwambie hivi. Tovuti ni kama ile ofisi yako ya posta. Nyuma kuna chumba cha magunia, mizani na makabati, na huko wanafanya kazi wenzangu. Mimi ninakaa dirishani. Kile mtu anachokiona, anachokisoma na anachokibonyeza ni changu. Mtu asipoona pa kuandikia jina lake, lawama ni yangu, hata kama huko nyuma magunia yamepangwa kama biskuti.

Kampuni yetu ina watu saba. Niko kwenye miezi sita ya majaribio, inaisha mwisho wa mwezi huu. Bosi wetu, Kamen, si mtu mbaya, ila kinywani ana neno moja tu: tarehe. Na kazi aliyonipa ni ya huko kwenu milimani. Madaktari wa macho watakuja mwezi wa kumi na mbili kutoa mtoto wa jicho, watu arobaini tu, na kujiandikisha ni kwenye tovuti peke yake. Ukurasa wa kujiandikisha ninaujenga mimi.

Uliniambia jicho lako la kushoto lina ukungu. Nataka jina lako liwe kwenye orodha hiyo, Shangazi. Hawajasema kama watarudi tena.

Sasa nisaidie. Ulikaa dirishani miaka thelathini na moja. Watu wakijaza fomu hukosea wapi? Nifundishe.

Mwanao,
Zori


Borovitsa, 16 Septemba 2018 г.

Zornitsa mwanangu,

Rusi anasema sasa ameelewa, na kama wewe ni wa dirishani basi anaomba stempu mbili. Usimjali. Aliendesha gari la barua miaka ishirini, kastaafu, na bado akipita mbele ya nyumba yangu anapiga honi kwa mdomo.

Jicho langu halina neno. Ukungu tu, kama kioo cha jikoni nikichemsha maharage. Nitajiandikisha kwa sababu ukurasa ni wako.

Unauliza watu hukosea wapi. Kila mahali. Wanaandika jina la baba pa jina la ukoo, wanaandika mtaa pa mji, na mmoja kwenye "uzito wa kifurushi" aliandika "si mzito". Hilo halina dawa. Ila nikwambie jambo ambalo hata marehemu baba yako sikumwambia. Miaka yangu ya mwanzo pale dirishani nilikuwa mbaya. Mtu akileta fomu yenye kosa, naisukuma irudi chini ya kioo, sisemi kitu. Nilidhani ndiyo heshima ya kazi.

Siku moja akaja mama mmoja anaitwa Stana, anamtumia mwanawe soksi jeshini. Nikamrudishia fomu mara tatu. Mara ya nne hakuja dirishani, alikaa kwenye benchi akawa analia. Nikatoka nje, nikaweka kidole changu kwenye mstari wenye kosa, nikamwambia: hapa, mama, na uandike hivi. Lilikuwa jambo la nusu dakika. Tangu hapo sikumrudishia mtu fomu bila kuweka kidole.

Basi huo ukurasa wako uwe na kidole. Useme kosa liko wapi na lirekebishwe vipi, kwa maneno, usimnunie mtu.

Shangazi yako,
Tsonka


Plovdiv, 30 Septemba 2018

Shangazi mpendwa,

Nimepita. Kamen kanipa mkono jana mbele ya wote na kusema, "Karibu, sasa unaweza kuchelewa kama wengine." Nimenunua keki, imeliwa kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Ukurasa nao umekwisha, unafunguliwa tarehe nane Oktoba na kufungwa tarehe thelathini na moja. Nimeuandikia herufi kubwa. Ninavyo vyombo vya kazi vizuri, natamani ungeviona. Kimoja kimo ndani ya kivinjari chenyewe: nikikibonyeza, ukurasa wowote unaonyesha mifupa yake, kila kisanduku na upana wake, kila rangi na namba yake. Kingine kinaweka kumbukumbu ya kila badiliko tulilofanya, nani kafanya na siku gani, kwa hiyo ofisini hakuna wa kusema "si mimi".

Na mafunzo ya miezi sita ni haya: usiamini skrini yako mwenyewe, fungua kazi yako kwenye simu kuukuu ya mtu mwingine. Weka kipanya kando ujaribu kutumia kibodi peke yake. Na kijivu hafifu juu ya nyeupe huwapendeza vijana tu.

Kidole nimekiweka, kama ulivyosema.

Usisahau, mwisho ni tarehe thelathini na moja. Nenda mapema.

Mwanao,
Zori


Borovitsa, 14 Oktoba 2018 г.

Zornitsa mwanangu,

Nimejiandikisha. Nilikwenda maktaba ya kijiji Ijumaa baada ya kuchimba viazi. Mtunza maktaba alitaka kunishikia kipanya, nikamwambia asante, huu ukurasa kaujenga binti wa kaka yangu, sitapotea ndani yake. Alininunia, lakini alininunia pia mwaka 1994 nilipomshinda kwenye mashindano ya mikate, kwa hiyo nimeshazoea.

Ukurasa wako umenikubali palepale. Ni wa adabu kabisa. Herufi ni kubwa kweli.

Sasa nangoja barua ya kunipangia siku. Rusi anakusalimu, yuko hapa anakula.

Tsonka


Plovdiv, 2 Novemba 2018

Shangazi,

Haraka tu, niko katikati ya kazi nyingine. Orodha imefungwa, nafasi zote arobaini zimejaa siku tatu kabla ya mwisho. Majina hayanifikii mimi, yanakwenda moja kwa moja kwa madaktari, lakini kwa kuwa ulikwenda mapema sina wasiwasi. Barua za miadi zinatumwa wiki hii.

Nina raha, usione naandika mistari michache. Umekuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kutumia kitu nilichokitengeneza.

Zori


Borovitsa, 11 Novemba 2018 г.

Zornitsa mwanangu,

Barua haijaja. Jirani wa juu kapata yake, na mkewe mwenye duka la mikate pia. Nimekwenda posta mara mbili. Yule kijana wa siku hizi kaniambia hakuna kitu, hata hakuinua kichwa. Posta ya leo si posta.

Nilijaza kila kitu inavyopasa. Jina langu, jina la baba, jina la ukoo. Siku ya kuzaliwa, 12.03.1951 г. Nikabonyeza. Kisanduku kikanitikisia kichwa vizuri, kushoto na kulia, ndiyo ndiyo, kama mtu anayekwambia karibu ukae. Nikabonyeza tena ili nihakikishe, kikatikisa tena. Nikakishukuru, nikaenda zangu.

Kwa hiyo wewe uliza huko kwenu barua imekwama wapi. Sina haraka. Ila ukiuliza leo ni bora kuliko kesho.

Tsonka


Plovdiv, 15 Novemba 2018

Shangazi mpendwa,

Hakuna barua iliyokwama. Jina lako halimo kwenye orodha. Naomba ukae chini kabla hujaendelea.

Niliposoma "kikanitikisia kichwa" niliwapigia madaktari simu palepale wanitazamie jina lako. Ule mtikisiko sikuutunga mimi. Katika kazi yetu kuna vipande vilivyotengenezwa tayari, unakichukua unakipachika, na hicho kilitengenezwa na watu wa mbali. Kwao mtu akitikisa kichwa kushoto na kulia anakataa. Kwetu anakubali. Skrini zote duniani hutikisika mtu akikosea, nami nimekaa mbele yake miaka minane mpaka nikasahau kichwa cha kwetu kinavyosema. Ukurasa ulikuwa unakwambia hapana.

Na kilichokataliwa ni ile "г." yako ya nyuma ya mwaka, ile herufi ya kifupi ya neno lenyewe "mwaka". Tangu darasa la kwanza tunafundishwa kuibandika, na watu wa rika lako hawaandiki mwaka bila hiyo. Kisanduku cha tarehe kilitaka namba tupu. Kikaona herufi, kikatikisika.

Si wewe peke yako. Nimefungua hesabu za ukurasa: watu ishirini na watatu walifika kwenye tarehe ya kuzaliwa, wakatikisiwa, wakaondoka. Hatuna majina yao, kwa sababu fomu iliyokataliwa haihifadhiwi. Wote walikwenda nyumbani wakidhani wamekubaliwa. Kesho nitamwomba Kamen azungumze na madaktari waongeze siku. Sijui kama watakubali. Na hata wakikubali, sijui nitawapataje hao watu.

(ukurasa wa pili)

Sasa lililo gumu zaidi. Nilikwambia kidole nimekiweka. Sikukiweka.

Tarehe 27 Septemba zilikuwa zimebaki siku tatu za majaribio. Kuandika maneno ya kueleza makosa kungenichukua siku mbili, maana kila kisanduku kina makosa yake na kila kosa linataka sentensi yake. Kipande cha mtikisiko kiliingia kwa dakika kumi. Kilipendeza, kila mtu ofisini akakisifu. Nikajiambia maneno nitayaongeza baadaye. Kisha nikakuandikia kwamba yapo, kwa sababu niliona haya. Wewe ulinieleza habari ya Stana, ambayo hujamwambia mtu, nami nikakujibu kwa uongo.

Jana nilikiuliza kile chombo cha kumbukumbu mstari ule uliandikwa na nani. Kikajibu: Zornitsa Hadzhieva, 27 Septemba, saa kumi jioni na dakika tano. Nilikuwa nalijua jibu.

Kamen anasema kila tovuti ina kasoro, turekebishe kimya kimya tusonge mbele. Kesho nitamwambia sinyamazi. Labda atanifukuza. Hilo halinitishi kama linavyonitisha jicho lako, na kwamba utaisoma barua hii.

Nisamehe kama unaweza.

Zori


Borovitsa, 22 Novemba 2018 г.

Zornitsa mwanangu,

Rusi kanisomea barua yako, miwani yangu iko kwa fundi. Nimecheka mpaka nimeshika mbavu. Miaka sitini na saba natikisa kichwa, kumbe nimekwenda maktaba kubishana na kisanduku: chenyewe hapana, mimi asante.

Hakuna neno, mwanangu. Hao watu wa mbali hawakujua, na wewe hukujua. Kosa moja haliachi mke. Wewe mwambie huyo Kamen azungumze na madaktari, na habari ya kuwapata watu niachie mimi. Nimegawa barua bonde hili lote, najua nani anaandika "г." na nani hajui hata kuandika mwaka.

Usikonde kwa ajili ya hili.

Tsonka


Borovitsa, 23 Novemba 2018

Binti Zornitsa,

Mimi ni Rusi, jirani. Shangazi yako hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba asijue.

Hakuna miwani kwa fundi. Shangazi yako haoni. Jicho la kulia lilikufa mwaka jana, na la kushoto limebakiza mwanga wa dirishani tu; zile herufi zako kubwa pale maktaba alizipapasa kwa jicho hilo, pua ikigusa kioo cha skrini. Barua anaziandika kwa mazoea, anaweka rula chini ya mstari ili mkono usipotee. Zako zote tangu masika ninamsomea mimi. Viazi anavyokwambia kachimba, nilichimba mimi. Amekataa katakata uambiwe, anasema utaacha kazi yako mjini uje kumlea.

Sasa lingine. Barua yako ya tarehe kumi na tano nilimsomea ukurasa wa kwanza. Wa pili niliuanza kimoyomoyo, nikaona unakokwenda, nikakohoa, nikamwambia barua imekwisha. Ninao kwenye droo yangu.

Usinielewe vibaya. Namjua huyu mwanamke. Kiburi chake ni kikubwa kuliko nyumba yake. Akisikia ulimdanganya, atasema haingii kwenye mlango uliofunguliwa na mtu aliyemdanganya, na atakaa gizani mpaka siku yake ya mwisho. Kwanza apate macho. Mengine baadaye.

Kwa heshima,
Rusi Karamitev


Plovdiv, 1 Desemba 2018

Mzee Rusi,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, kisha nikaisoma tena.

Kwanza, asante kwa viazi, kwa kumsomea na kwa yote. Sikujua. Nilikuja mwezi wa nane nikakaa naye siku nne, na sikujua. Ninajenga vitu vya watu kuona na sikumwona asiyeona aliyeketi mbele yangu.

Pili, nimekukasirikia. Ile "hakuna neno" ya Shangazi nimeibeba wiki nzima kama mtu aliyeponywa. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na tano. Kumbe alimsamehe mtu mwingine, yule asiyejua. Mimi nilikuwa najua.

Nilishachukua kalamu nimwandikie tena. Nimeiweka chini, kwa sababu nadhani maneno yako juu ya kiburi chake ni kweli, nami sitaki macho yake yawe gharama ya mimi kujisikia msafi. Lakini sikia sharti langu. Usiuchane ule ukurasa. Siku bandeji itakapotoka nitamwandikia mwenyewe kwamba upo.

Sasa habari. Nilikwenda kwa Kamen. Akaniambia tena turekebishe kimya kimya. Nikamwambia mmoja wa waliorudishwa ni shangazi yangu. Akazungusha kikombe chake, akauliza, "Na wale ishirini na wawili ni shangazi za nani?" Akanyanyua simu palepale. Alijieleza bila kunitaja jina. Alisema "sisi tulikosea". Madaktari wamekubali siku mbili mwezi wa Februari, watu ishirini na watano, wakipata majina kabla ya Desemba ishirini. Kama hatuwapati, nafasi zinakwenda wilaya nyingine.

Mwambie Shangazi habari ya siku hizo mbili. Tafadhali mwambie leo.

Zornitsa


Borovitsa, 13 Desemba 2018 г.

Zornitsa mwanangu,

Majina haya hapa, kwa karatasi, maana kwa tovuti naona bado tunazoeana.

Tulibandika tangazo kwenye mlango wa duka la mikate, maneno ni yangu: ALIYETIKISIWA NA UKURASA WA MACHO AJE MAKTABA JUMATANO. Rusi alisema hakuna atakayeelewa. Saa tatu asubuhi benchi zilikuwa zimejaa. Kila anayeingia anasema, "Mimi nilikubaliwa." Mwalimu wa hesabu mstaafu, yule aliyekuwa akimchapa baba yako, alitutikisia kichwa kuonyesha jinsi kisanduku kilivyomtikisia, watu wakacheka, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka. Mama mmoja kutoka juu kabisa alikuwa ameshafunga mfuko wa kwenda hospitali tangu Oktoba, pajama na sabuni, anangoja.

Wamekuja ishirini na mmoja, pamoja nami. Wawili hatujawapata, mmoja nadhani amehamia kwa mwanawe. Rusi aliandika, mimi niliuliza. Wote waliweka "г.", isipokuwa mmoja aliyeandika siku ya kuzaliwa ya mumewe.

Na nisikie hili ukiwa unarekebisha. Usiwaambie watu waache "г." yao. Ifundishe mashine. Mashine ni changa, itashika haraka zaidi.

Siku yangu ni tarehe tano Februari.

Tsonka


Plovdiv, 20 Desemba 2018

Shangazi,

Majina yamefika na yamekubaliwa yote. Madaktari wameniandikia kwamba hawajawahi kupata orodha yenye mwandiko mzuri hivi. Mwambie Mzee Rusi.

Mashine nimeifundisha. Sasa mtu akiandika "г." inaielewa na kunyamaza. Akikosea kweli, hakuna kinachotikisika: chini ya kisanduku inatokea sentensi ya Kibulgaria iliyonyooka, "Hapa umeandika mwezi wa kumi na tatu, miezi ni kumi na miwili." Nimeandika sentensi thelathini na nane za namna hiyo. Zimenichukua siku mbili, kama nilivyojua.

Nimempa mtunza maktaba wa hapa jirani ajaribu, nami nikakaa nyuma yake nimeuma ulimi, nisimsaidie. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kumtazama mtu anahangaika na kitu chako nawe usinyooshe mkono. Alihangaika mara mbili. Nimerekebisha mara mbili.

Tarehe tano Februari nitakuwa nakuwaza toka asubuhi.

Zori


Plovdiv, 11 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Mzee Rusi kanipigia simu. Kasema bandeji imetoka, kwamba umetazama dirishani muda mrefu, kisha umemwambia, "Mapazia yangu ni machafu na hukuniambia." Nilikaa ofisini nikalia, Kamen akaniletea maji.

Nilitaka nikuache ufurahi. Lakini sasa unaona, na nilijiahidi.

Barua yangu ya Novemba ilikuwa na kurasa mbili. Ulisomewa mmoja. Wa pili anao Mzee Rusi kwenye droo yake, mwambie akupe. Usimgombeze sana, alikuwa anayalinda macho yako, nami nilikubali kunyamaza kuanzia Desemba hadi leo, kwa hiyo kosa hilo ni letu wote wawili.

Usome taratibu. Usinijibu mpaka utakapotaka.

Zornitsa


Borovitsa, 27 Februari 2019 г.

Zornitsa,

Barua hii naiandika bila rula, na nimeisoma mwenyewe kabla ya kuifunga. Ndani ya bahasha kuna uzi wako wa Machi, mwekundu na mweupe, uufunge mkononi keshokutwa asubuhi, tarehe mosi, kukaribisha masika kama kila mwaka. Nimeuchagua mwenyewe sokoni. Ule mwekundu kwa miaka miwili nilikuwa nauona kama udongo.

Rusi aliniletea ukurasa wa pili akasimama mlangoni na kofia mkononi, kama zamani akileta telegramu ya msiba. Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha tu ya kuona herufi zako, ulivyo na "d" mbaya tangu utoto. Mara ya pili nikaelewa. Mara ya tatu nikaurudisha kwenye bahasha, nikaenda kuwapa kuku maji.

Nilikukasirikia, usije ukadhani mimi ni mtakatifu. Kukosea si kitu. Lakini uliniandikia "nimekiweka", na kwa neno hilo nilikwenda maktaba kifua mbele, nikakataa kushikiwa kipanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lilikuwa langu. Rusi naye nilimnyima kahawa siku tatu. Siku ya nne alikuja na kahawa yake mwenyewe kwenye chupa, akaketi, nikamwonea huruma.

Halafu nikaitazama tarehe ya barua yako. Tarehe kumi na tano Novemba. Siku hiyo ulikuwa umeshaniambia kila kitu, hujui kama utabaki na kazi, hujui kama madaktari watakubali. Waliokuwa wanaficha baada ya hapo ni wazee wawili, Rusi na mimi. Mimi nilianza zamani. Septemba ulinipa nafasi ya kukwambia kwamba sioni, nikakuandikia habari za kioo cha jikoni. Ningesema kweli, ungezikaa hizo siku mbili na kuyaandika hayo maneno, Kamen apende asipende. Nakujua. Mficha uchi hazai. Kwa hiyo tugawane, nusu yako, nusu yangu.

Ile "hakuna neno" ya Novemba itupe, iliandikwa na mtu aliyesomewa nusu. Hii hapa nyingine, ya mtu aliyesoma kurasa zote mbili kwa macho yake: hakuna neno, mwanangu.

Mwezi wa nane ulipokuja ulisimama katikati ya jiko, ukageuka mara mbili, ukaniuliza kama nywele fupi zimekupendeza. Nikasema zimekupendeza mno. Sikuziona, Zori. Sikukuona wewe pia, nilikujua kwa hatua zako tu. Njoo Jumapili, usimame palepale, uniulize tena.

Shangazi yako,
Tsonka